Nyamizi Hakufa kwa Malaria

Pale kijijini Didia watu walimzoea Vumilia akiwa na watoto wawili, mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Wema alimzaa mwenyewe. Luka alizaliwa na dada yake Nyamizi, aliyekuwa akiwapikia wachimbaji kule Bulyanhulu, akarudi kujifungulia kwa mama yao. Sasa Nyamizi amelala nyuma ya zizi, na ukiuliza pale nyumbani alikufa na nini, unaambiwa malaria.

Jibu hilo lilikuwa la Shangazi Philomena, dada wa marehemu baba yao. Akisema shangazi, hata mama yao Martina hunyamaza. Ndiye aliyemtoa Nyamizi nje siku kitovu cha Luka kilipodondoka. Vigelegele vikapigwa, wali ukapikwa, majirani wakaambiwa uzazi umekwisha salama.

Halafu homa ikaingia. Nyamizi akawa anatetemeka juani, tumbo la chini linamuuma, hata kanga haitaki imguse. Vumilia akasema apelekwe kituo cha afya cha Tinde.

"Apelekwe kwa lipi? Kitovu si kimedondoka?" alisema shangazi. "Hiyo malaria ya machimboni. Mnunulieni vidonge dukani."

Walipokuja kumpakia kwenye pikipiki, alikuwa hawezi tena hata kujishikilia. Tinde hakufika.

Luka alikuwa ameshaanza kukaa mwenyewe siku Zipora, dada wa takwimu, alipoingia uani na kishikwambi chake. Nyumba yao ilikuwa imechaguliwa, pamoja na nyingine kadhaa, kuulizwa habari za afya.

"Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma cha kubabaisha.

Shangazi akacheka mpaka karanga alizokuwa akimenya zikamwagika. "Mwangaluka, mwana wa mjini! Kaa chini, usije ukavunjika."

Zipora akaomba abaki na Vumilia peke yao. Shangazi akasogeza kigoda kidogo tu, akageuza mgongo. Masikio hakuyageuza.

"Hawa mapacha, Mama Wema?"

"Hapana, dada. Huyu ni wa dada yangu."

Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi: maji, choo, chandarua. Kisha wakafika kwa ndugu wa tumbo moja, walio hai na waliokufa. Vumilia akamtaja Nyamizi.

"Pole sana. Alipofariki, alikuwa mjamzito?"

"Hapana."

"Alifariki akiwa anajifungua?"

"Hapana."

"Umesikia?" shangazi akadakia. "Malaria! Nenda kwenye mengine, binti."

"Mama, samahani, namuuliza yeye," alisema Zipora. "Alifariki ndani ya miezi miwili baada ya kujifungua?"

Vumilia akamtazama mtoto kifuani. Luka alikuwa amesinzia na ziwa mdomoni. Miezi miwili! Kumbe kwa hawa wanaohesabu, uzazi hauishi siku kitovu kinapodondoka. Kumbe kuna mtu, huko aliko, alikaa akawafikiria wanawake kama Nyamizi.

Shangazi alishasimama. "Vumilia, chunga mdomo wako. Mwanamke akifa na uzazi, hapa watu wanasemaje? Alificha majina ya wanaume aliolala nao! Unataka wamseme dada yako kaburini?"

"Wamseme."

"Nini?"

"Wamseme mpaka wachoke, shangazi. Vitenge vyake alivifua nani? Si mimi? Malaria hainuki vile." Akamgeukia Zipora. "Ndiyo. Alikufa na uzazi. Luka alikuwa hata kucheka hajui. Andika hivyo."

"Hilo darasa la saba lako limekupa kiburi! Martina, huyu mwanao unamsikia? Mwambie!"

Mama yao alikuwa anapepeta mpunga mlangoni. Ungo ukatulia.

"Nimwambie nini, wifi? Nyamizi nilimzaa mimi. Mwache amseme dada yake."

Shangazi akarudi kwenye kigoda chake. Zipora akagusa kioo cha kishikwambi.

"Atahesabiwa?" aliuliza Vumilia.

"Atahesabiwa, Mama Wema. Jina halitatangazwa, lakini yumo kwenye hesabu ya waliokufa kwa uzazi."

"Hata mkitaka kulitangaza, litangazeni. Mimi sioni haya."

Walipomaliza, Zipora akauliza njia ya kwenda kwa Mariana, maana nyumba hiyo nayo ilichaguliwa. Vumilia aliijua vizuri. Dada wa huyo Mariana alizikwa na mimba yake, na kule kwao husemwa alirogwa. Akamfunga Wema mgongoni, akampakata Luka.

"Unakwenda wapi na jua lote hili?" shangazi akafoka.

"Kumwonyesha mgeni kwa Mariana."

"Na huko ukafanye nini?"

"Nikae nje, nimshikie mtoto wake ajibu vizuri. Na yeye alikuwa na dada."

Akapita mbele ya kigoda, Zipora nyuma yake, wakashika njia ya majaruba ya mpunga.