Nishani Kwenye Kabati la Vyombo

Ninakusanya nishani kuukuu za vyama vya udugu vya Uingereza, zilizotengenezwa karne ya kumi na tisa. Watu wakiniuliza zina faida gani ninakasirika, kwa hiyo siku hizi hawaniulizi. Nyingi ninazipata sokoni Gikomba, kwa mwanamke mmoja anayeuza makoti ya mitumba. Akifungua belo la nguo na kukuta moja imebanwa ndani ya koti, hunipigia simu: "Buda, kuja uchukue chuma yako."

Ninazipanga kwenye kabati la vyombo, nyumbani kwangu Tassia. Mwaka jana mama yangu alikuja kutoka Kakamega kutibiwa goti. Hata chai hakumaliza. Aliona jicho lililochorwa kwenye nishani moja, akasema wazi kwamba hatalala nyumba moja na vitu vya waabudu shetani. Akachukua mkoba wake, akaketi mlangoni na goti lake bovu, akitaka apelekwe kwa dada yangu Kariobangi. Niliumia sana, kwa maana nilikuwa nimemsubiri kwa hamu.

Nikavuta stuli nikaketi karibu naye. Nikamweleza kwamba wengi wa watu hao walikuwa mafundi na vibarua. Walichanga ili mwenzao akiugua asilale njaa, na akifa azikwe kwa heshima, wenzake wakifuata jeneza wamevaa nishani kama hizi. Chama tu, nikamwambia, kama chenu cha kina mama kanisani. Akaguna, mfano huo haukumpendeza hata kidogo. Lakini mkono wake ulikuwa umeshaenda kifuani, kwenye beji ambayo kina mama wa kanisa lao huzikwa nayo, pamoja na sare na kitambaa cha kichwa.

Akaomba kuiona ile yenye jicho. Nyuma yake kulikuwa na jina la mtu na maneno ya shukrani kutoka kwa ndugu zake wa chama. Nikamsomea kwa Kiswahili.

"Mbona hawakumzika nayo?"

Nikasema labda watoto waliiweka kama kumbukumbu, nao wakazeeka, hatimaye koti likatolewa mitumba, nishani ikiwa bado ndani.

"Walijua ni ya baba yao?"

"Nafikiri walijua."

Akaishika, mkono wake mwingine ukarudi kwenye beji yake. Nilijua anafikiria nini.

"Yako utaenda nayo, Mama," nikamwambia.

"Hata huyu aliambiwa hivyo," akasema, akanipa mkono nimwinue, tukaingia ndani.