Tumbaku Upande Huu, Meza ya Bwana Upande Ule

Redio siku hizi hutangaza kwamba nchi fulani imepiga marufuku sigara hadharani, na jirani yake anaziuza kama karanga, halafu wataalamu wanaulizana kwa nini. Mimi hucheka. Nchi mbili za kwanza nilizozijua zilitenganishwa na kijito ambacho hata mbuzi alikiruka, nje kidogo ya Njombe, enzi za Mwingereza.

Upande wetu tulikuwa Wakatoliki. Padri alivuta kiko barazani kwake, baba akavuta chake, na bibi alinusa ugoro huku akipepeta ulezi. Ng'ambo walikuwa Walutheri. Kule aliyevuta tumbaku alitengwa na Meza ya Bwana, na nani alitaka kubaki kwenye benchi wenzake wakienda mbele? Mvua yetu ilikuwa moja, Kibena kimoja, serikali moja. Boma lilitoza kodi ya sigara zilizouzwa madukani Makambako, wala halikumkataza mtu. Katazo lilikuwa machoni pa majirani.

Nami nikampenda kijana wa ng'ambo.

Padri na mchungaji walielewana kwa shida, posa ikaletwa. Mshenga, mzee wa kanisa lao, aliweka jembe jipya miguuni pa baba akangoja. Baba hata salamu hakutoa. Kwetu, jembe lisilofuatana na tumbaku halikufungua mdomo wa baba wa binti.

"Umekuja kuposa au kuuza jembe?" akauliza hatimaye.

"Mzee mwenzangu, tumbaku siwezi kuishika. Nitatengwa."

"Basi rudi na jembe lako."

Nilikuwa jikoni, nikisikia kila neno. Niliwachukia wote wawili. Mama aliinuka. Alishusha msokoto wa tumbaku kutoka darini, akauweka kwenye ungo, na ungo akauweka mbele ya mshenga. Yule mzee akautazama kama nyoka. Kisha akainua jembe lake na, kwa ncha ya mpini, akausukuma ungo taratibu mpaka magotini pa baba. Mkono wake haukugusa tumbaku.

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Kamwene," akamsalimu. "Waambie nimepokea."

Heshima si utumwa. Siku ya harusi baba alishinda kwa wakwe zangu bila kiko, na hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Mikono ilimhangaisha, alishika kikombe kitupu cha chai hadi sherehe ikaisha. Akaniaga kwa maneno machache, akateremka bondeni. Tulisimama uani tukimtazama. Alivuka kijito, akasimama kidogo, na moshi ukapanda.

"Mkwe amefika kwake," akasema baba mkwe, bila ubaya wowote.

Nililia mbele ya watu. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea upande wa baba, na harufu ya baba haikunifikia.