Albamu Isiyo na Waitikiaji

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nikiwa nimeimba kwenye harusi na matanga ya Bungoma nzima kwa miaka ishirini na zaidi, niliamua kwamba bendi inanirudisha nyuma. Bendi yenyewe ilikuwa watu watatu tu: mpwa wangu wa gitaa, mke wangu, na dada yake mke wangu. Hao wawili wa mwisho walikuwa waitikiaji. Mimi naimba mstari, wao wanajibu, mimi napangusa jasho na kutazama jinsi watu wanavyonipenda. Kazi yao niliiona ya kufungua mdomo tu, na nilikuwa nasema hivyo mbele za watu.

Nikamwambia mke wangu, hapo nyumbani Kabuchai, kwamba naenda Kitale kurekodi albamu ya peke yangu. Nilitaka dunia ijue ni nani hasa aliyekuwa akiimba. Nilidhani atalia. Akasema, "Sawa, baba watoto. Hiyo gitaa isinyeshewe na mvua," akaendelea kupalilia mahindi. Hiyo "sawa" iliniuma kuliko matusi. Nikaapa kwamba nikirudi bila kanda yenye sauti yangu pekee, sitapanda jukwaani tena. Niliapa kwa sauti kubwa, mpwa wangu akiwa hapo anasikia, kwa hivyo nilikuwa nimejifunga mwenyewe.

Studio ilikuwa Matisi, chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka, kuta zimefunikwa kwa magodoro makuukuu ili kelele za nje zisiingie. Mwenyewe alikuwa baba wa makamo aliyeongoza kwaya ya kanisa kabla ya kununua kompyuta. Nilimsimulia ukubwa wangu wote, akanisikiliza kwa adabu, akanivisha hedifoni. Kwa siku nne niliimba nyimbo nane. Niliimba vizuri, wacha niseme ukweli. Ule wa kwanza ulikuwa wimbo wangu wa kujisifu, ambao watu wa kwetu walikuwa wakiucheka mpaka wanashika mbavu. Nilijua wanacheka ucheshi wangu.

Siku ya tano akaniuliza, "Mzee, na waitikiaji wanakuja lini?"

"Hawaji. Hii ni ya mtu mmoja."

"Si mbaya. Basi itikia wewe mwenyewe, mimi nitaizidisha hiyo sauti iwe kama watu watatu."

Nikasimama mbele ya kipaza sauti. Mstari wangu ukapita, pale pa kuitikia pakafika, nikafungua mdomo. Kimya. Akarudisha muziki. Kimya tena. Nilijua wanapoanzia na wanapomalizia, maana hapo ndipo nilipokuwa nakunywa soda. Maneno yenyewe sikujua hata moja. Miaka ishirini, jamani, watu wanaimba hatua moja nyuma ya mgongo wangu, na sikuwahi kuwasikiliza.

"Ati wimbo ni wako na huujui?" yule bwana akaniuliza, bila ubaya wowote. Nikamwambia koo limekaushwa na baridi ya Kitale.

Mchana huo nikajitungia mwitikio mpya: "Kweli baba, kweli, hakuna kama wewe." Nikauimba kwa moyo wangu wote. Yule bwana akavua hedifoni polepole. "Hii imekufa, bana," akasema. "Ile ya kwenu niliisikia mwenyewe kwa harusi ya binamu yangu. Si ulete ile."

Ikabidi nipige simu. Mke wangu hakuwa na simu wakati huo, kwa hivyo nilimpigia mwenye kinu cha kusaga mahindi, akatuma mtu amwite, nami nikapiga tena baada ya nusu saa. Nilikuwa nikitumia simu ya jamii iliyokuwa juu ya kaunta ya duka, na akina mama watatu walikuwa nyuma yangu wakingoja zamu. Nikafungua daftari.

"Niambie ile mnaimbanga nikisema nimejenga nyumba ya mabati."

"Kwani huijui?"

"Nimesahau."

Akaniimbia mstari mmoja mmoja. Laini ilikuwa mbaya, kwa hivyo kila mstari niliurudia kwa sauti huku nikiandika. Nikisema nimejenga nyumba ya mabati, wao wanajibu: ng'ombe aliyeuzwa alikuwa wa nani? Nikisema nasomesha watoto: wako darasa la ngapi? Nikisema nimezunguka nchi nzima: na nyumbani ulipita lini?

Tulipofika hapo, wale akina mama walikuwa wameegemeana kwa kucheka. Kicheko hicho nilikijua. Ndicho nilichokisikia kila Jumamosi, nikakiinamia kwa shukrani, mkono kifuani, kama mjinga. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mmeimba hivyo tangu lini?"

"Tangu mtoto wa tatu azaliwe, na wewe uko Moi's Bridge kwa harusi ya watu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," akasema. Hata hasira hakuwa nayo. "Kila Jumamosi, na kipaza sauti."

Nikarudi studio nikaimba maneno yake, sikuwa na lingine. Mashine ikanizidisha nikawa watu watatu, wote wananiuliza mimi nyumbani nilipita lini. Yule bwana alifurahi sana. Alisema hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote kwenye albamu.

Nilifika Kabuchai na kanda mkononi, sauti yangu pekee, kama nilivyoapa. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, mazuri tu, mimi mtu wa kutunga. Mke wangu akaiweka kanda kwa redio, akaisikiliza huku anachambua maharagwe, akaurudisha wimbo ule mara mbili. Kisha akazima.

"Umeyashika yote," akasema. "Hata moja hujakosea. Basi Jumamosi mimi na dada tunabaki nyumbani."

Nilidhani ni utani. Jumamosi ikafika, nikapanda jukwaani na mpwa wangu tu. Nikaimba kwamba nimezunguka nchi nzima, na watu wakatazama nyuma yangu, pale walipozoea kumwona mke wangu na dada yake. Ikabidi nijiulize mwenyewe, na hakuna aliyecheka.