Mchezo Usio na Maiti

Shemeji yangu, mume wa dada, alifanya kazi mochwari ya hospitali kubwa, na mtaa mzima ulimwita Daktari wa Mwisho. Watu walilichekea jina hilo huku wakikwepa kumpa mkono, unafiki ulioniudhi siku zote. Yeye mwenyewe hakujali. Alikuwa mtu wa utani. Kila mchana alirudi akinuka dawa, akala, halafu akauliza, "Leo tunampiga nani?"

Hapo mwanawe, mpwa wangu, aliwasha televisheni na kumpa kidude cha kuchezea. Mchezo wenyewe ulikuwa wa vita: bunduki, mabomu, majumba yanayoporomoka. Siku ya kwanza shemeji aliona mtu akipasuliwa kichwa, akakirudisha kidude palepale. Alisema damu anaiona kazini, na matusi anayapata ya kutosha kutoka kwa ndugu wa marehemu. Kijana akaingia kwenye mipangilio, akazima damu, akazima na matusi. Tangu hapo adui akipigwa alianguka, midomo ikamchezacheza bila sauti, kisha akayeyuka na kuacha sakafu safi. Shemeji alifurahi kama mtoto. Alisema hao ndio wafu wenye adabu, hawataki kuoshwa wala kubebwa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na dada akatufokea kutoka jikoni kwamba tunamharibia mtoto.

Mtoto akakua, akaenda jeshini. Asinitafutie mtu ubaya hapa: mchezo haukumpeleka. Alitaka kazi, jeshi likamchukua, likamtuma vitani mbali. Baadaye walikuja maofisa, wakakaa kwenye ncha za viti, wakasema gari lake lilipigwa na hakikupatikana chochote cha kurudisha nyumbani. Dada aliwasikiliza kwa macho makavu.

"Msiba wa maneno matupu mimi sikai," alisema.

Akawazuia watu kuja. Aliendelea kuyapiga pasi mashati ya mwanawe na kuyatundika kabatini, na hakuna aliyethubutu kumgusia.

Lakini aliyenitisha ni shemeji. Mtu aliyewafunulia shuka nusu ya mji, wakamwona marehemu wao, wakaamini, wakaanza kulia, sasa hakuwa na shuka la kufunua. Alirudi kazini, na mchana aliendelea kucheza, peke yake. Ila hakukimbilia mbele tena. Alimpiga mtu mmoja, akasogea mpaka pale alipoangukia, akasimama kuitazama sakafu tupu. Wakati mwingine aliinamia kioo cha televisheni midomo ile ikichezacheza, akaniuliza kama nasikia yule mtu anasema nini. Nilikuwa naogopa kukaa naye chumba kimoja, na huo ni mchana kweupe.

Siku moja ya mapumziko alinipa kile kidude.

"Shemeji, niwashie damu."

Nilimwambia aache, atajitonesha bure.

"Sina shida na damu," akasema. "Nataka wabaki."

Kwenye mchezo ule mambo hayo mawili yalikwenda pamoja: ukiwasha damu, na maiti hawayeyuki. Niliwasha. Matusi niliyaacha yamezimwa.

Akampiga wa kwanza. Alikuwa askari kijana, kofia ilimtoka akiangukia ukuta, na damu ikatambaa chini yake. Midomo ikacheza, ikatulia. Tulisubiri. Hakuyeyuka. Shemeji akakiweka kidude sakafuni taratibu, wala hakuwatafuta wengine.

Dada alitoka jikoni akijifuta mikono, nadhani kuangalia kwa nini tumenyamaza. Akamwona yule aliyelala. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni wa nani?"

"Sijui," mumewe akamjibu. "Lakini amebaki."

Dada akakaa chini mbele ya televisheni, akanyoosha miguu, akaanza kulia akilitaja jina la mwanawe. Shemeji akakaa kando yake na kumshika bega, na yeye mwenyewe machozi yakimtoka. Mimi nilivaa viatu, nikaenda kuwaambia majirani waje, msiba upo.