Tasnifu ya Jalada la Kijani

Kuna siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka mpaka viatu nilivyovaa. Ilikuwa Jumatano, mjini Singida, na upepo wetu ule wa kiangazi ulikuwa umenijaza vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilipanda ngazi za maktaba ya chuo nikiwa nimefura kwa hasira, nikasukuma mlango, na kabla sijamsalimu mtu nikauliza kwa sauti ya kuitia wanafunzi mstarini: "Nani ameichukua ile tasnifu?" Watu wote waliokuwa wakisoma wakainua vichwa. Hadi leo nikilikumbuka swali lile natamani kujifunika kanga usoni.

Umeniambia unakwenda chuoni kufanya utafiti wa elimu, ukaniomba nikuombee. Nitakuombea, usiwe na wasiwasi. Lakini kaa kwanza nikusimulie, maana jambo hili sijawahi kumsimulia mtu wa nyumba hii.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na moja, mwalimu wa shule ya msingi kule Mtinko, nimepewa ruhusa ya kwenda kusoma shahada ya uzamili. Chuo chetu kilikuwa na tawi mjini, na maktaba yake ilikuwa vyumba viwili tu vya ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi. Ukiwa katikati ya sentensi nzito unasikia mabati yanashushwa huko chini, unaanza upya.

Utafiti wangu ulihusu watoto wa madarasa ya chini wanaotoweka shuleni mtama ukianza kuiva, wanapokwenda kuamia ndege. Wewe umekulia mjini, hujui kukaa juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti shambani, tangu alfajiri, kombeo mkononi, ukipiga kelele ili kweleakwelea wasitue. Mimi nimekaa. Na kwa kuwa nilikuwa nimekaa, nikajiona ndiye mwenye jambo hilo. Katika mapitio ya maandiko nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba hakuna mtu aliyewahi kulichunguza mkoani kwetu.

Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja mpole, ila upole wake ulitisha kuliko ukali wa wengine. Jumatatu ile alinirudishia kurasa zangu akasema, "Mwalimu Elisifa, kutokuona wewe si kutokuwepo. Ijumaa niletee walioandika kuhusu mkoa huu. Usipowaleta, siwezi kukuruhusu kwenda kukusanya data."

Elewa maana yake, mwanangu. Mtama hauivi mara mbili kwa mwaka. Ningekosa msimu ule ningesubiri mwaka mzima, na ruhusa yangu isingenisubiri. Ningerudi Mtinko bila shahada, mbele ya mwalimu mkuu aliyekwisha kusema wazi kwamba nakwenda kupoteza muda. Nilitoka ofisini mwa yule mama nikaelekea nilikopanga.

Kumbe nilikuwa nimewahi kuiona! Nilikumbuka nikiwa njiani. Wiki yangu ya kwanza maktabani nilishika tasnifu moja ya jalada la kijani, iliyoandikwa na mwalimu wa Iramba kuhusu mahudhurio ya wanafunzi wakati wa mavuno. Nilisoma kurasa mbili tatu, nikaiona ya kizamani, nikaiacha. Sasa ndiyo iliyokuwa imeshika maisha yangu. Jumanne nikaenda mbio, nikaitafuta kwenye kompyuta ya katalogi. Ikaniambia ipo, haijaazimwa, na namba yake hii hapa. Nikaenda kwenye rafu ya tasnifu nikiwa nimeiandika namba ile kiganjani. Pale ilipotakiwa kuwepo palikuwa na pengo.

Nilitafuta kutwa nzima. Sikumuuliza mtu, kwa sababu mwalimu mzima nitamuulizaje mtu namna ya kutafuta kitabu? Kufika Jumatano asubuhi nilikuwa nimeshaamua kwamba imeibwa, na nilikuwa nimeshaamua na mwizi pia.

Hadija alikuwa mwanafunzi mwenzangu, mwalimu kutoka Mkalama, naye akichunguza mambo ya watoto wa madarasa ya chini. Alikuwa na meza yake karibu na dirisha, anawahi kuja na anachelewa kuondoka. Aliwahi kuniambia kwamba mada yangu ni nzuri sana, angetamani kuifanya yeye. Siku aliyoyasema nilifurahi. Kwa hasira zangu za Jumatano maneno yaleyale yakawa ushahidi.

Basi nikauliza swali langu lile mlangoni. Mkutubi alikuwa Mzee Shabani, mtu wa kwetu upande wa Mtinko, aliyekaribia kustaafu, kofia yake ya kufuma haimtoki kichwani. Alinitazama polepole, akavua miwani, akajibu:

"Marahaba."

Shikamoo yenyewe sikuwa nimeitoa. Nikaitoa, kwa sauti ndogo, na ningekuwa na akili ningeishia hapo. Sikuishia. Nikamnyooshea kidole Hadija mbele za watu, nikasema kuna wenzetu hapa wanaficha tasnifu ili wenzao wasifaulu.

Hadija hakubishana. Alisimama, akaushika mkoba wake, akaumwaga mezani. Yakatoka madaftari mawili, kalamu, karanga kwenye mfuko, na soksi moja ya mtoto mchanga. "Tazama, mwalimu," akasema.

Mzee Shabani akaja akasimama karibu yangu, akaanza kusema nami kwa Kinyaturu, lugha ya kwetu, taratibu, ili wale wengine wasielewe jinsi ninavyoaibishwa. Nimekuwa nikimshukuru kwa hilo mpaka leo. Aliniuliza kama tasnifu ile nimewahi kuishika mwenyewe. Nikasema ndiyo, wiki ya kwanza.

"Ulipomaliza uliiacha mezani?"

"Hapana, mzee. Niliirudisha."

"Uliirudisha wapi?"

"Mahali pake."

"Pake ni wapi, binti yangu?"

Akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, maandishi makubwa: ukimaliza kusoma, acha kitabu mezani, usikirudishe kwenye rafu. Nilikuwa nimeisoma karatasi ile mara nyingi. Niliona ni ya watu wavivu. Mimi nimelelewa na mama ambaye mtoto akiacha bakuli pale alipokula, kijiji kizima kitajua siku hiyo. Kuacha kitu mezani na kuondoka? Mimi, Elisifa! Kwa hiyo kila nilichosoma nilikirudisha kwa mikono yangu, tena kwa unadhifu. Na unadhifu wangu ulikuwa ule wa kabati la vitabu la shuleni kwangu: virefu na virefu, vifupi na vifupi, rangi zikae pamoja, kabati lipendeze mkaguzi akija. Zile namba za mgongoni nilikuwa sizijali. Nilijua vitabu, lakini maktaba nilikuwa siijui.

Mzee Shabani akanieleza kwamba kitabu kilichoazimwa hujulikana kiko kwa nani, lakini kilichorudishwa pasipo pake hakuna anayejua kiliko, hata katalogi inabaki kudanganya watu kwamba kipo. Sikio langu moja lilikuwa linamsikia, jingine linasikia Hadija akirudisha karanga zake mkobani.

Hakukuwa na njia nyingine isipokuwa kukagua rafu, kitabu kwa kitabu, kusoma namba moja baada ya nyingine. Mzee akaanza chumba cha mbele, mimi nikamfuata. Baada ya muda nikamsikia Hadija nyuma yangu. "Mimi naanzia chumba cha pili," akamwambia mzee, mimi hakunitazama. Sikuwa nimemwomba. Nilitamani sakafu ya Mhindi ifunguke niangukie kwenye mabati.

Usidhani ile tasnifu ilionekana upesi. Tulianza kupata vingine nilivyovifukia mimi mwenyewe. Kitabu cha utungaji wa mitihani kilikuwa kwenye historia, chembamba chembamba kati ya vyembamba wenzake. Mzee Shabani alipokiona akashusha pumzi, akachukua simu, akampigia mwalimu mmoja wa Ikungi aliyekuwa akikiulizia tangu mwezi uliopita. Nilimsikia yule mwalimu akishangilia ndani ya simu. Mzee hakumwambia ni nani aliyekipoteza. Kufika jioni vilikuwa vimefika tisa, vyote nimevipoteza mimi, na tasnifu haijaonekana. Nikarudi nilikopanga nikijihesabia kwamba imebaki Alhamisi tu.

Alhamisi mchana Hadija alikwenda kuswali adhuhuri, akarudi, akaendelea alipoishia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye rafu ya chini, macho yananiwasha. Nikasikia anacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa cha dhihaka, kilikuwa cha mtu aliyeshindwa kujizuia.

"Mwalimu Elisifa, njoo uone kazi yako."

Ilikuwa kwenye vitabu vya kilimo. Upande mmoja ufugaji wa kuku, upande mwingine kilimo cha alizeti, na ile tasnifu katikati, majalada yote matatu ya kijani, yamelingana urefu kana kwamba yamekatwa kwa rula. Palipendeza kweli.

Nilikaa chini palepale sakafuni, mwanangu, nimeikumbatia, nikalia na kucheka kwa pamoja. Sijui nikwambieje raha ile. Mwili wote ulilegea, kama mtu aliyetuliwa debe la maji kichwani baada ya mlima. Mzee Shabani akasema alhamdulillahi, akaenda kukaa, maana naye mgongo ulikuwa unamuuma.

Ila mzigo mmoja ulikuwa umebaki. Nilisubiri wale wa Jumatano wakusanyike tena mezani kwao, kwa sababu nilimsingizia mbele yao, si pembeni. Nikasimama nikawaambia: tasnifu niliipoteza mimi, Hadija hakuhusika, na nimemkosea. Kisha nikamgeukia. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini jana uliniumiza, dada. Nataka ulijue hilo."

Nikamwambia nalijua. Akavuta kiti, akaniambia nikae. Unajua alichofanya? Aliifungua ile tasnifu kwa nyuma! Mimi siku zote nilikuwa nafungua kitabu kwa mbele tu. Akanionyesha orodha ya marejeo: yule mwalimu wa Iramba alikuwa ameandika majina ya wote aliowasoma yeye, na humo mlikuwa na watano walioandika kuhusu mkoa wetu, wawili kazi zao zikiwa ghorofa ileile tulipokaa. Mzee Shabani naye akaniita kwenye kompyuta. Kumbe mimi nilikuwa naandika "kuamia ndege" tu, nikiona hakuna jibu nahitimisha kwamba hakuna utafiti. Akaniambia nijaribu utoro, nijaribu mahudhurio, kazi za watoto, kalenda ya kilimo. Kila neno likaleta lake. Jambo nililodhani ni langu peke yangu, watu walikuwa wamelifikiria kabla sijajua hata kushika chaki, na badala ya kuona wivu nilijisikia nimepata ndugu.

Ijumaa nikampelekea msimamizi. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akachukua kalamu, akatia sahihi, akasema, "Sasa umeanza." Wiki mbili baadaye nilikuwa Mtinko na hojaji zangu, mtama umesimama shambani, watoto wako juu ya madungu, nami nawasalimia kutoka chini kwa furaha ambayo wao hawakuielewa.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana haya ndiyo niliyokukalishia. Ukiingia maktaba, anza na salamu, kisha uliza. Mkutubi ameajiriwa ili umuulize, na kumuuliza hakukupunguzii kitu. Neno moja likikataa kwenye katalogi, jaribu jingine, jaribu na la tano. Ukipata kazi moja nzuri, ipindue uone mwandishi wake naye alisoma nini. Usiandike kwamba jambo halijawahi kuchunguzwa kwa sababu tu wewe umechoka kutafuta. Ukimaliza kusoma, acha kitabu mezani, na kama mimi mama yako mdogo nilikulea vibaya kwa kukufundisha kupanga kila kitu, nisamehe, kiache tu.

Na siku utakayokikosa kitu unachokihitaji kuliko vyote, kabla hujasema "nani amechukua," jiulize wewe uliweka wapi. Tasnifu niliitafuta siku tatu, ikapatikana. Jina la mtu ukilitupa mbele za watu, huenda usiwe na rafu ya kulitafutia.

Nenda kwa amani. Mungu akufungulie akili, akupe macho ya subira na ulimi mzito wa kulaumu. Akukutanishe na walimu wema. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea tu, amweke karibu yako mtu kama Hadija, uliyemwaibisha asubuhi, naye mchana akakutafutia. Amina.