Malkia wa Kuzimu na Birika la Chai

Hilda Ormerod alipika chakula cha shule mpaka akastaafu, na jioni za maigizo yeye ndiye aliyesimamia chai pale ukumbi wa kanisa, mjini kwetu chini ya vilima vya kondoo. Miaka yote alikuwa na hamu moja, ambayo hata mumewe Stanley hakuijua: kusema neno jukwaani, hata moja, watu wanyamaze wamsikilize.

Basi Lionel Fearnley, mwalimu mstaafu wa Kilatini, akatunga mchezo wa mashairi matupu kuhusu duka la samaki na chipsi linalofungwa. Lakini kwa Lionel samaki hakuwa samaki, alikuwa roho ya marehemu. Karai la mafuta lilikuwa mto wa kuzimu, na mteja akitaka siki aliiomba kwa beti nne, akitaja miungu miwili mitatu ya Wayunani njiani. Mama aliyepangiwa kuigiza Malkia wa Kuzimu akahamia kwa bintiye Uhispania, ndipo Hilda akavikwa taji la kopo na aproni ya plastiki. Alikuwa na mstari mmoja tu, wa mwisho kabisa.

Sasa, waigizaji wa kwetu wana mwiko: mstari wa mwisho hautamkwi mazoezini, mchezo usije ukaingia nuksi. Kwa hiyo kila zoezi Hilda alipanda, akainua mkono, akafumba mdomo, akashuka. Stanley akasema kazi hiyo hata paka wao angeiweza. Hilda akampakulia viazi vilivyoungua.

Siku ya onyesho ukumbi ukajaa. Hilda akainua mkono. Kimya, kama alivyotamani. Ule mstari, wenye mwezi na ufunguo na kivuko ndani yake, haukuja. Kinywa chake kilizoea kuuambia ukumbi ule kitu kimoja tu, nacho kikatoka polepole, kimalkia:

"Chai tayari, wapenzi. Vikombe mrudishe wenyewe."

Taa zikazimwa. Nyuma ya pazia Lionel akajishika kichwa. Halafu yakaja makofi ya kutikisa madirisha. Mama mmoja wa mbele alilia, akimweleza jirani yake kwamba vikombe ndio sisi, na kurudishwa ndiko kufa. Jirani akasema hayo yametoka kwa Wayunani, ila amemsahau Myunani gani.

Wakaiendea meza ya chai. Maji baridi, maana mwenye birika alikuwa kuzimu. Hilda akachemsha na taji kichwani, Lionel akapanga foleni kama wengine.

"Kesho nitausema ule wako," Hilda akamwambia kwa unyonge. "Au nirudi tu kwenye chai."

Lionel akapiga funda, akafikiri.

"Wangu uache. Ila kesho, kipenzi, washa birika kabla hujapanda."

Stanley, ambaye nyumbani hajarudisha hata kijiko, akaja na kikombe chake, akakisuuza, akakiweka mbele ya malkia.