Mchwa wa Siakago na Binti Yangu

Nilitoka Kibirichia kwenda kumwomba binti yangu msamaha. Ilikuwa Agosti, mwaka wa tisini na tisa. Kathure alipokuja likizo ya Aprili akaniambia chuo kikuu anasomea mchwa, nilimjibu vibaya: "Nimepinda mgongo shambani ili wewe ukachimbe vichuguu?" Kesho yake aliondoka bila kunywa chai, na tangu hapo kimya.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda lori la viazi. Baridi ilinifuata mpaka Chuka. Embu nilivua sweta, nikatafuta gari la Siakago, alikokuwa akifanyia utafiti, na kadiri tulivyoteremka ndivyo mahindi yalivyopungua, mawele yakaongezeka.

Saa nane mchana nilifika kwa Mama Njeru, mjane aliyempangishia Kathure chumba. Alinipa uji.

"Mama Kathure, msichana wako ana adabu," alisema. "Kichuguu changu anakitoboa kidogo tu, halafu anakiziba kama anafunga kidonda. Mvua ikinyesha uyoga wangu utatoka."

Nilimkuta Kathure nyuma ya nyumba amepiga magoti. Aliinuka, mikono imejaa udongo, asijue kama anisalimie.

"Mwanangu, nilikukosea."

Alinishika mkono na udongo wake wote, akaniketisha mbele ya makopo mawili. Kila moja lilikuwa na kipande kama sifongo, kimetoka ndani ya kichuguu: bustani ambamo mchwa wanalima kuvu, chakula chao. Kopo lenye mchwa lilikuwa safi. Kwenye lile lingine, ambalo alikuwa amewatoa mchwa, ukungu ulikuwa umemeza kila kitu.

"Wao wenyewe wanapalilia kwa midomo," alisema. "Lakini nadhani wana wasaidizi. Bakteria wanaoishi nao, wanaotoa dawa ya kuzuia ukungu mbaya na kuacha kuvu yao salama."

"Bakteria? Si ndio walionyausha viazi vyetu?"

"Hao ni wengine, Mama. Kuna sisimizi wa Amerika wanaolima kuvu, na kwao imeshaonekana. Kwa mchwa hawa bado natafuta." Aliangalia chini. "Pengine sitapata."

Hapo nikaelewa alichokuwa akiogopa: kushindwa, kisha mimi niseme nilijua.

"Usipopata, uje nyumbani ule viazi ushibe. Ukishashiba, urudi utafute tena."

Alicheka, halafu akalia kidogo. Mama Njeru alijifanya anachambua ndengu.

Nilikaa siku mbili, nikimshikia makopo huku akiandika. Siku ya tatu nilirudi mlimani na mfuko wa ndengu.

Baada ya wiki mbili barua ilifika. "Mama, bado sijapata. Kopo lenye mchwa nimeliharibu mwenyewe." Niliisoma nimeketi kati ya matuta, nikafurahi kama niliyeambiwa amefaulu. Mtoto anayekwambia aliposhindwa bado ni wako.